Nilivyomsahau Malaika, Ng'ombe Wetu

Nichekeni tu. Hapa Al Rayyan, ughaibuni, mimi ndiye mwalimu wa hisa wa wenzangu wa chumba. Nilimuuzia mteja haki ya kununua hisa kwangu wakati wowote hadi mwisho wa mwezi, nikajikinga kwa kununua kwa mtu mwingine haki kama hiyo ya miezi mitatu.

"Mteja haji kabla ya siku ya mwisho," niliwaapia.

Akaja mapema, siku moja kabla ya gawio la faida. Hisa zenyewe sikuwa nazo, ikabidi nimpe za kukopa; gawio la mwenye hisa hizo nikalilipa mimi.

Nikampigia mama yangu kule Nyahururu, spika wazi wenzangu wakisikia, nikilalamika.

"Wambui, si ndivyo tulivyompoteza Malaika? Jirani tulimpa hadi Krismasi amnunue, akaja wiki moja kabla Malaika hajazaa, akaondoka naye na ndama tumboni. Ulikuwa darasa la nne, ukalia na kamba mkononi."

Nikahisi tena joto la pumzi ya Malaika kiganjani.

Achieng, mmoja wa wenzangu wa chumba, akanigeukia. "Mwalimu, kumbe hili ulilisoma darasa la nne!"