Jiwe la Golini

Harufu ya glavu za Minza ilikuwa ya mpira, dagaa na moshi. Zilikuwa glavu nzito za kazi, ambazo mchimbaji mmoja alizisahau kwenye benchi la mama yake alipokula mara ya mwisho kabla ya kuhamia machimbo mengine. Mchana Minza alizitumia kuipulia sufuria ya ugali motoni, jioni akazivaa golini kudaka mashuti. Zilikuwa kubwa kuliko mikono yake, kwa hiyo alizifunga kwa kamba ya katani kwenye vifundo vya mikono, na tukishinda akikukumbatia ulirudi nyumbani jezi yako inanuka kama kibanda cha mama lishe. Sisi tulimtania kwamba washambuliaji wa timu nyingine hawakosi magoli kwa sababu ya udakaji wake, bali wanasikia njaa wakifika karibu. Yeye alicheka kuliko sisi wote. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, namba saba mgongoni, na nilidhani tutacheza pamoja mpaka tuzeeke.

Kijiji chetu kilikuwa mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka Segese. Timu yetu iliitwa Mbula, yaani mvua kwa Kisukuma, kwa kuwa siku tuliyoianzisha ilinyesha tukacheza kwenye tope mpaka mama zetu wakatufuata na fimbo. Kocha wetu alikuwa Madamu Kwandu, mwalimu wa darasa la tano, mwanamke mwembamba mwenye filimbi shingoni aliyekuwa haogopi mtu. Wanaume wa kijiji walitucheka mwanzoni, wakasema tunakimbiza mpira kama watu wanaokimbiza kuku wa mgeni. Msimu ule wa masika tulicheza na kila kijiji kilichokuwa na timu ya wasichana, na siku ya fainali pale Segese Minza alidaka penalti mbili. Tulirudi tumepanda trekta la pamba tukiimba, na wanaume walewale waliotucheka walisimama barabarani kutupokea. Baba yangu alikuwa miongoni mwao. Aliniita kwa jina la mama yake, heshima ambayo hakuwahi kunipa kabla ya siku ile.

Minza hakuwa mzaliwa wa kijiji chetu. Mama yake, ambaye wote tulimwita Mayu Minza, aliwapikia wachimbaji wadogo wa dhahabu, na mpishi wa wachimbaji hana kwao. Rashi, yaani watu kukimbilia dhahabu mpya, ikilipuka mahali, wateja wake wakihama, naye hufunga sufuria zake na kuwafuata. Shule yetu ilikuwa ya tano kwa Minza. Alikuwa amejifunza kutopenda mtu haraka. Lakini alipoingia golini kitu fulani kilitulia ndani yake, na Madamu Kwandu alikiona, akaenda mwenyewe kuzungumza na Mayu Minza. Aliporudi alikuwa na ahadi: mama hatahama mpaka mwezi wa tisa. Mwezi huo walimu wa michezo kutoka Shinyanga wangekuja kututazama tukicheza, wachague wasichana wa kwenda kusoma sekondari ya bweni yenye timu. Tulikuwa darasa la saba wote wawili. Akichaguliwa, angesoma. Asipochaguliwa, angemfuata mama yake machimboni, na wote tulijua kwamba msichana aliyemaliza la saba machimboni kazi yake ni sufuria au kuponda mawe. Kwa hiyo kiangazi chote kilikuwa na maana moja tu kwetu.

Madamu aliandika mipango ya kiangazi kwenye karatasi ya daftari na kuibandika mlangoni kwake. Tukimbie alfajiri kabla ya kuchota maji. Tuchunge kwa zamu ili wenye ng'ombe nao wapate muda wa mazoezi. Tusawazishe uwanja, kwa kuwa mvua ilikuwa imeuchimba na ng'ombe wamemalizia. Kiangazi cha kwetu asubuhi kina baridi kali inayokausha midomo, na upepo unapita juu ya mashamba yaliyovunwa ukibeba vumbi na harufu ya viazi vilivyokatwa vipande na kuanikwa juu ya miamba kuwa michembe. Tulibeba udongo wa kichuguu kwenye ndoo kichwani, tukaumwaga, tukaumwagia maji, tukaukanyaga kwa nyimbo kama bibi zetu walivyokuwa wakisiliba sakafu. Siku ya kuchimba golini, mahali ambapo miguu ya makipa ilikuwa imechimba shimo, nilibaki mimi na Minza. Wengine walikwenda kichuguuni.

Jembe langu liligonga jiwe. Lilikuwa na ukubwa wa ngumi, jeupe lenye mistari ya kutu, na mimi ningelitupa tu pembeni. Minza alilichukua, akalilamba, akaligeuza juani. Mimi binti wa mkulima sikuona kitu. Yeye alikuwa amekulia miguuni mwa wachimbaji, na nilimwona akitazama nyuma yake kama mwizi.

"Limi," aliniambia, "hili tulifukie. Likifika kwa mtu mzima hata mmoja, hatuna uwanja."

Nilimwuliza kama ni kweli ni dhahabu. Akasema ndiyo, na akasema tena kwamba yeye ameona rashi nne, na hajawahi kuona mahali palipobaki kama palivyokuwa. Tulilifukia nyuma ya goli, karibu na nguzo ya kushoto, tukapiga juu yake kwa miguu. Alinishika mkono kwa ile glavu yake akataka niape, nami nikaapa kwa jina la bibi yangu aliyekufa.

Sasa nimfikie baba yangu, na naomba msomaji asimchukie. Baba alikuwa mkulima wa pamba aliyeingiwa na dhahabu kichwani. Kila kiangazi alikwenda kuchimba kwenye maduara ya watu wengine, yale mashimo marefu wanayoshuka kwa kamba, na kila kiangazi alirudi na magoti yaliyovimba na mfuko mtupu. Watu walimpa jina la utani, Bwana Kesho, kwa kuwa kila akiulizwa alisema kesho nitapata. Kiangazi kile alirudi mapema akikohoa. Jioni ya siku ileile tuliyolifukia jiwe alikaa uani kwenye kigoda, akamwambia mama kwamba ameshindwa, na kwamba mwakani Limi atabaki nyumbani kumsaidia kulima kwani sekondari hawaiwezi. Kisha alifunika uso wake kwa mikono. Sikuwahi kumwona baba akifunika uso. Ningependa kusema kwamba nilifikiria masomo yangu, lakini sikumbuki hivyo. Nakumbuka kwamba nilitaka watu waache kumwita Bwana Kesho, hata siku moja tu. Nilikwenda uwanjani kabla jua halijazama, nikafukua, nikamletea jiwe lile nimelifunga kwenye kanga.

Kwa akili yangu ya kitoto nilidhani baba atachimba kidogo kidogo nyuma ya goli, kimyakimya, tukiwa tumelala, kisha atafukia. Nilimwomba hivyo na akakubali, na naamini alikubali kwa moyo wake wote. Lakini katika nchi ya dhahabu hakuna kimyakimya. Alilitwanga jiwe kwenye kinu cha mama, akapeleka unga wake mwaloni Segese, kule wanakooshea, na karai lilipozungushwa mstari wa njano ulibaki chini. Mtu aliyekuwa akiosha pembeni yake alimuuliza, mzee, hili umelitoa wapi? Baba alitabasamu tu, na tabasamu la mtu ambaye hajawahi kupata lilitosha. Walimfuata nyuma mpaka nyumbani, na usiku mpaka golini. Hiyo ilikuwa siku ya nne tangu nilifukue jiwe, na siku zote nne nilifanya mazoezi na Minza kila asubuhi kana kwamba hakuna lililotokea.

Siku ya tano tulipofika mazoezini tulikuta wanaume wamejaa uwanjani. Kwetu ardhi ya rashi ni ya aliyewahi kupigilia vigingi, na walikuwa wamepigilia kutoka goli hadi goli, kamba za manila zikikatiza juu ya udongo wa kichuguu tulioukanyaga wenyewe. Madamu Kwandu alipuliza filimbi yake mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mwenyekiti wa kijiji aliitwa, akaja, akatazama, na kabla ya adhuhuri naye alikuwa na vigingi vyake. Kufikia mwisho wa wiki kulikuwa na turubai, jenereta, muziki na mamia ya watu wasiojulikana. Mashimo yalipoanza kumeguka walihitaji miti ya kukingia kuta, na mti uliokuwa karibu kuliko yote ulikuwa wa magoli yetu. Nguzo ya kushoto aliing'oa baba yangu. Nilikuwa nimemletea uji, nikamwona akiitikisa na kuivuta, akiimba.

Minza hakuniuliza chochote. Alikuwa akichota maji ya mama yake, ambaye biashara ilimchangamkia, na tulipokutana kisimani alinisalimia kama kawaida. Madamu alipanda baiskeli mpaka Segese kuomba, akarudi na jibu kwamba wageni wa Shinyanga hawatakuja kwenye kijiji kisicho na uwanja, ila watatutazama Segese siku ileile tukiweza kuleta timu kamili. Alipita nyumba kwa nyumba. Wenzetu wote walikuwa wameshapata kazi ya kuponda mawe na kubeba maji, na wazazi waliokuwa wakitupokea barabarani sasa walimwambia Madamu arudi dhahabu ikiisha. Siku ilipofika walikwenda wasichana sita. Mimi sikwenda, kwa kuwa baba aliniweka kulinda rundo la mawe yake yasiibiwe. Nilikaa juu yake kutwa nzima, na aibu kubwa kuliko zote ninayoikumbuka ni kwamba nilishukuru kupata kisingizio.

Wageni walisema sita si timu. Minza alisimama golini pale Segese kwa muda, Madamu akampigia mipira yeye mwenyewe akiwa na sketi na viatu vya kanisani, ili wageni waone. Wakaona. Wakasema ni mzuri, wakasema mwakani. Kwa mtoto wa darasa la saba hapakuwa na mwakani. Wiki mbili baadaye mkanda wa mwamba wenye dhahabu ulikatika kama ulivyoanza, habari za rashi mpya upande wa Geita zikafika, na Mayu Minza akafunga sufuria. Ahadi yake alikuwa ameitimiza. Nilikwenda kuwaaga kwenye lori. Minza alikuwa amekaa juu ya magunia, akaniambia nisome sana. Lori lilipoondoka nililia kwa sauti mpaka watu wazima wakanyamaza, wakidhani nalilia rafiki tu.

Baba yangu alipata. Si utajiri, lakini alipata kuliko wote waliochimba pale, kwa kuwa duara lake lilikuwa mahali pa jiwe lenyewe. Alinunua ng'ombe, akaezeka bati, na akanisomesha mpaka chuo cha ualimu. Hakuna aliyemwita tena Bwana Kesho. Alikufa akiwa na kifua kibovu na jina zuri, na kila karo niliyolipiwa ilitoka chini ya miguu ya Minza. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu alizaliwa mapema, na amekua.

Leo nafundisha Shinyanga mjini. Nimeona mambo ambayo Madamu Kwandu angeyalilia kwa furaha: wasichana wana viatu vyenye njumu, wana jezi zenye majina yao, baba zao wanakuja kuwatazama na kugombana na refa. Kijijini kwetu mashimo yako palepale, yameota majani, na wachunga ng'ombe huwakataza watoto kupita. Mwaka jana nilipelekwa Geita kwenye semina ya walimu, nikauliza kila kibanda cha chakula mpaka nikampata. Mama yake amefariki. Minza amenenepa, ana watoto watatu, na anapika vizuri kuliko mama yake. Alinikumbatia, akawatangazia wateja kwamba huyu ni mwalimu, nimecheza naye. Alijivuna kweli. Nikangoja wateja wapungue, kisha nikamwambia nilichokuja kumwambia, kwamba lile jiwe nililifukua mimi.

Hakuacha kukoroga maharage. "Najua," alisema. "Kesho yake alfajiri nilikwenda nilifukue nikalitupe mtoni, nikakuta shimo tupu. Tulijua wawili tu."

Nilimuuliza kwa nini hakusema, siku zile zote, hata siku ya lori.

"Nilikuwa nangoja ulirudishe, Limi."

Akanipakulia chakula, nikala chote. Tangu siku hiyo sijutii tena jiwe peke yake. Nazijutia zile asubuhi nne za baridi, wakati uwanja ulikuwa bado mzima na baba hajaenda Segese, ambapo Minza alidaka mpira, akanitazama, akanirushia mimi kwanza kila mara, akisubiri, na mimi niliupokea nikakimbia nao.