Meza ya Dirishani

Asubuhi ya mwisho ya kawaida, Eufrasia alikunywa chai amesimama. Kompyuta yake ilikuwa kwenye meza ya dirishani, na pembeni kisanduku cha intaneti, taa zikikonyeza. Mumewe, Boniphace, ambaye Eufrasia alimwita Baba Gasper, alitaka kuisogeza meza afagie chini yake. Akakatazwa. Akauegemeza ufagio ukutani. Mchana ule Eufrasia alianguka sokoni Musoma mjini. Nyumbani Bweri alirudi ndani ya jeneza.

Sebule ikatolewa vitu vyote, waombolezaji wapate pa kukaa. Vitu vikarundikwa chumba cha ndani. Miezi mitatu baadaye Boniphace alikuwa hajarudisha hata kiti. Alikula jikoni.

Eufrasia alizaliwa Bugwema. Dukani kwake alichapa barua na kupiga picha za pasipoti. Waliofiwa walikuwa wakimwuliza kama hana sauti ya baba yao, hata kidogo. Hana. Basi akaanza kurekodi wazee wangali hai. Alipanda bodaboda mpaka Mugeta, mpaka Butiama. Aliuliza mambo madogo: ng'ombe wako wa kwanza alikuwa rangi gani, jina lako alikupa nani. Kompyuta ya kwanza iliingia maji Bunda, ikafa na sauti kumi na saba. Alikwenda nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Wazee watano walikuwa wamekwisha kuzikwa. Tangu hapo kila sauti aliipandisha kwenye akiba ya mtandaoni.

Sasa Nyangi wa Mugeta alikuwa amefiwa na mama yake, akataka sauti. Ilikuwa kati ya thelathini na moja ambazo hazijapanda. Kompyuta nayo ilishaanza kugonga ndani, tik, tik, na matundu ya flashi yalikufa zamani. Ikizima moja kwa moja, sauti zote zimekwenda.

Akaja Consolata, aliyefanya kazi na Eufrasia miaka kumi na miwili. Akaanza kupandisha sauti moja. Kompyuta ikaandika muda uliobaki: saa tisa.

"Shemeji, konokono angekuwa ameshafika Butiama."

"Mtandao mbovu," alisema Boniphace.

"Eufrasia alikuwaga anakagua nyumba kwanza. Mnara wa simu baadaye."

Akafunga kila kilichokuwa wazi kwenye kompyuta. Saa tisa. Akajaribu kufungua picha za mtandaoni, zikashuka vizuri. Kisha akasimama dirishani, akaiunganisha kompyuta na laini ya simu yake. Sauti ileile ilipanda yote kwa dakika tatu, halafu salio la intaneti likaisha.

"Kompyuta haina kosa. Akiba haina kosa. Kisanduku kiko wapi?"

Boniphace akamwonyesha. Kilikuwa sakafuni, nyuma ya kabati la chuma na magunia ya mtama.

"Mh! Shemeji, umekizika?"

Consolata akajiziba mdomo. Boniphace hakukasirika.

"Walikiweka wao, siku ya msiba."

"Mnara una sauti kubwa, kinausikia. Chenyewe kina sauti ndogo. Kinaita humu ndani, hakisikiki." Akakipangusa vumbi. "Kirudi dirishani. Kiweke hata juu ya ndoo, kitafanya kazi."

Boniphace akaitazama sebule. Dirisha, na chini yake sakafu tupu. Akatazama ndoo iliyokuwa mlangoni.

"Ndoo hapana."

Akaingia ndani. Akahamisha gunia la kwanza, la pili. Consolata akataka kushika upande mmoja wa meza, akamwambia aache. Aliitoa peke yake, akipumzika mara mbili. Miguu ya meza ikakalia alama zake za zamani sakafuni. Akaweka kisanduku, akaweka kompyuta.

Saa tisa zikawa dakika sita.

Sauti zikaanza kupanda moja moja. Ya nne ilikuwa ya mama yake Nyangi. Consolata akampigia simu. Upande wa pili mtu akalia, akashukuru, akalia tena.

"Na ya Eufrasia mwenyewe, shemeji?"

"Hakujirekodi."

Tik, tik, ilisema kompyuta. Zilibaki ishirini na tano. Consolata, asijue la kufanya na mikono yake, akachukua ufagio. Mtama ulikuwa umemwagika mpaka dirishani. Akashika kona ya meza aisogeze.

Boniphace akamzuia kwa maneno aliyoambiwa yeye na Eufrasia asubuhi ile ya mwisho, hakupunguza hata moja:

"Baba Gasper, meza usiiguse. Bado inapanda."