Ua Dume la Mchikichi

Leo asubuhi nimepita kando ya mashamba ya Kidahwe. Upepo ukaniletea harufu ya maua ya mchikichi, tamu na kali puani, nami nikasimama ghafla.

Harufu hiyo ilinirudisha shuleni, tulipokuwa kidato cha kwanza. Mwalimu wetu wa baiolojia alichoka kutuchorea maua ubaoni, akatupeleka shambani nyuma ya shule. Alivaa suruali ndani ya sketi, akajifunga kamba ya wakwezi, akapanda mchikichi mwenyewe ili atushushie ua dume. Sisi chini tulicheka.

Alipopenyeza mkono katikati ya makuti, binti mmoja wa darasa letu alipiga kelele.

"Mwalimu, usijitikise! Nyoka, hapo mkononi!"

Kicheko kilikatika. Nyoka wa kijani alijivuta polepole juu ya kuti, akapita kwenye kiwiko chake kana kwamba ni tawi. Mwalimu hakupepesa hata macho. Mwenzetu mmoja alianza kulia, tukamziba mdomo.

Nyoka alipotokomea upande wa pili, tulipaza sauti sote: "Shuka, Mwalimu! Shuka!"

Hakushuka. Alichomoa kisu, akakata ua, ndipo akateremka. Miguu ilipogusa ardhi, akaketi. Alilikung'uta ua kiganjani, unga wa njano ukamwagika ovyo kwa jinsi alivyotetemeka.

"Hii ndiyo chavua," alisema. "Isipofika kwenye ua jike, hakuna chikichi. Andikeni."

Hakuna aliyeandika. Tulimzunguka, tukaushika mkono wake mpaka ukatulia, na vidole vyetu vyote vikawa vya njano.