Ng'ombe Aliyerudishwa Getini

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya wageni getini kwa kampuni moja ya dhahabu, huku kwetu Segese, akatokea mama mmoja akimvuta ng'ombe dume. Akamfunga kwenye nguzo ya geti, akapangusa mikono kwa kitenge.

Afisa mahusiano akatoka mbio. "Shikamoo, mama. Huyu si yule tuliyewaletea kuwapa pole?"

"Marahaba. Ndiye. Tumemrudisha."

Mume wake amekatwa mguu. Kamba ya winchi iliyokuwa ikimpandisha kutoka shimoni ilikatika, kamba ambayo wachimbaji walishasema imechakaa. Kampuni haikukiri kosa wala kuomba radhi. Ilipeleka ng'ombe, tena amefungwa kamba mpya.

"Ni zawadi tu, mama. Mngechinja mkala."

"Mwanangu, wewe ni Msukuma kama mimi. Ukishakula nyama ya aliyekukosea, shauri limekwisha. Sisi hatujala."

Afisa akakichezea kitambulisho chake kifuani. Mila hiyo aliijua, na nina hakika ndiye aliyewanong'oneza wakubwa zake wapeleke ng'ombe. "Sasa mnataka nini?"

"Nataka asimame mtu mbele ya hakimu, aseme nani aliiona ile kamba mbovu akanyamaza."

Akaondoka bila kugeuka nyuma. Ng'ombe akabaki chini ya bango la "Usalama Kwanza", akajisaidia bila haraka, na hakuna mlinzi aliyethubutu kumgusa.

Nami nimezaliwa huku, na nyama naipenda. Lakini hii tutaila hukumu ikishasomwa.