Nyumba Kwenye Karatasi za Kura

Mwaka wa tisini, baba yangu alipogombea ubunge kwa mara ya kwanza, alisafiri na mpinzani wake ndani ya Landrova moja. Vijana wa siku hizi nikiwaambia hivyo wanadhani nawatania. Chama kilikuwa kimoja nchi nzima, wagombea wakabaki wawili, na gari la kampeni lilikuwa moja. Baba alikaa nyuma upande huu, mpinzani wake, mwalimu mstaafu, upande ule, na katikati yao akakaa katibu wa chama mwenye saa mkononi, maana kila mmoja alipewa dakika sawa na mwenzake. Walikula sinia moja. Wakikatisha mbugani, mbung'o waliwauma wote watatu.

Kila mgombea alipewa alama ili hata asiyejua kusoma aweze kupiga kura. Alama zilikuwa mbili tu, jembe na nyumba, na baba akapata nyumba. Nakumbuka alivyorudi siku hiyo kwetu Makanyagio, mjini Mpanda, akatupa kofia mezani na kumwambia mama kwamba ameshashindwa. Jimbo letu lilikuwa la wakulima, mpunga na mahindi, na nani angelikataa jembe? Mama alikuwa anachambua dagaa wa Ikola kwenye ungo. Hakuinua hata uso. Alisema, "Na hao wakulima wanalala wapi?"

Baba alilichukua neno hilo akaenda nalo jimbo zima, bila kumtaja mwenyewe. Kuzitolea alama maana kulikatazwa, lakini alijua kupita pembeni. Alisimama, akawasalimu watu, akawauliza wametoka wapi asubuhi ile, kisha akawauliza jioni watarudi wapi. Watu walicheka, katibu akakohoa na kutazama saa. Alishinda. Kuanzia hapo hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Bwana Nyumba, mama akawa Mama Nyumba, na mimi, fundi cherehani wa miaka ishirini kasoro, nikaitwa binti wa Nyumba. Sikulipenda jina hilo. Mimi nina ulimi mkali, na siku zile nilikuwa na ulimi mkali na kazi nyingi.

Kazi nyingi kwa sababu mbunge hana nyumba yake mwenyewe. Ya kwetu ilikuwa ya vyumba vinne, na kwa miaka mitano sikumbuki siku tuliyolala peke yetu. Wengi walitoka kijijini kwa baba, huko Mpimbwe, mbele ya Kasansa. Walifika na kuku, na gunia la mchele, na mgonjwa aliyefungwa khanga tumboni. Walikaa sebuleni wakisubiri treni imlete baba kutoka Bungeni. Walitaka barua, walitaka kazi kwa ajili ya mpwa, walitaka asuluhishe ugomvi wao na wafugaji Wasukuma ambao ng'ombe wao walikuwa wameingia kwenye mpunga. Baba aliwasikiliza wote. Wale wa kijijini kwake aliwasikiliza akiwa ameketi chini mkekani, kwa lugha yao, na uso wake ulikuwa unalegea kwa namna ambayo sisi nyumbani hatukuizoea. Niliwaonea wivu. Nilikuwa naosha vyombo vyao na kuwaonea wivu.

Kila mara alipotoka Bungeni, kabla hajalala hata usiku mmoja mjini, alitafuta lori la kumfikisha kijijini. Kaburi la mama yake lilikuwa huko, chini ya ukingo wa shamba la mpunga. Alikuwa ameshamwonyesha mama yangu mahali atakapozikwa yeye, kando ya lile kaburi. Alilisema hilo mara nyingi, hata mezani, mpaka mama akamwomba anyamaze watu wanakula.

Tisini na tano mambo yakageuka. Vyama vikawa vingi, na ndani ya chama chake mwenyewe baba akaangushwa kwenye kura za maoni. Tulidhani atapumzika. Badala yake akahamia chama kipya, kimoja kati ya vile vilivyokuwa na ofisi ya chumba kimoja na bendera kubwa kuliko ofisi yenyewe, akagombea tena. Sasa hapakuwa na Landrova ya pamoja. Wenzake walikuwa na magari, yeye alikuwa na baiskeli na marafiki wawili. Alama ya nyumba haikuwepo tena. Chama kipya kilikuwa na alama yake, ambayo hata leo mtu akiniambia niichore nitaikosea.

Baba aliligawa jimbo kama mtu anayegawa chakula kidogo kwa watoto wengi. Kijijini kwake hakupeleka mtu mwingine, alinituma mimi. Alinipa bunda la vipeperushi vyenye picha yake na ile alama mpya. "Vijana watajionea wenyewe," aliniambia. "Wewe nenda kwa wazee. Kwa kila mmoja, mwanangu. Mwonyeshe picha, mwonyeshe alama, mwonyeshe mahali pa kuweka vema. Usiruke nyumba hata moja. Wale wakinipa kura, hata nikishindwa kwingine kote, nitakuwa na pa kurudi."

Nilikwenda. Ilikuwa kabla ya mvua, joto la Oktoba ambalo linamkausha mtu mpaka kwenye fizi. Nyumba za kijiji kile hazikukaribiana. Kwa wazee wa kwanza nilifanya kama nilivyoagizwa: nilikaa, nikanywa togwa, nikaeleza chama ni nini, kwa nini viko vingi, na kwa nini baba hayuko tena kwenye kile walichokizoea. Wakauliza. Nikaeleza tena. Wakauliza kama amefukuzwa, na kama amefukuzwa, ameiba nini. Kila nyumba ilinichukua saa nzima. Nilikuwa na magauni ya harusi yananisubiri mjini, na miguu ilikuwa imevimba.

Siku ya pili mchana nilifika kwa bibi mmoja, jirani wa marehemu nyanya yangu, mama aliyemzalisha nyanya siku baba alipozaliwa. Walikuwa wameketi kwake akina bibi wengine, wanapepeta mpunga. Nilisimama tu. Sikukaa. Yule bibi akaniuliza kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Mjukuu wangu, tunasikia mambo yamebadilika. Baba yako safari hii ni nani?"

Nikamjibu, "Ni yule yule wa nyumba, bibi. Hakuna kilichobadilika."

Wakafurahi. Mmoja akapiga kigelegele. Vipeperushi vilikuwa ndani ya mkoba wangu, na sikukitoa hata kimoja. Niliona jinsi jibu lile lilivyokuwa fupi na jinsi lilivyowaridhisha, nikalibeba kwenye nyumba zote zilizobaki. Jioni nilikuwa nimemaliza upande ule wote wa kijiji, nikapata lori la kurudi Mpanda siku iliyofuata asubuhi. Baba akaniuliza kama nimewafikia wote. Nikasema wote. Wala sikuwa nimedanganya, nilikuwa nimewafikia.

Siku ya kura nilirudi kijijini nikiwa wakala wake, yaani mtu anayekaa kituoni kwa niaba ya mgombea kuhakikisha haibiwi. Kituo kilikuwa darasa la shule ya msingi. Wazee walikuja mapema, wamevaa nguo zao za kanisani. Wale bibi waliponiona walinipungia mkono kama watu wenye siri yao. Mmoja mmoja waliingia nyuma ya turubai, na nilishangaa kidogo jinsi walivyochelewa kutoka.

Saa kumi jioni msimamizi, mwalimu wa shule ile ile, akafunga mlango, akamwaga kura juu ya madawati yaliyounganishwa. Tulikuwa mawakala wachache. Alikuwa anafungua karatasi moja moja, anaiinua tuione, anasoma. Karatasi ya tano au ya sita akaisogeza karibu na macho. "Huyu kachora kibanda," alisema, na watu wakacheka, nami nikacheka.

Pembeni ya picha ya baba yangu palikuwa na mraba, na juu yake paa la pembe tatu.

Ikaja nyingine. Ikaja nyingine yenye mlango. Moja ilikuwa na moshi unaotoka juu, nyingine ilichorwa kwa mkono unaotetemeka hivi kwamba kuta hazikukutana. Waliitafuta nyumba kwenye karatasi na hawakuiona. Waliona picha ya mtu wao bila nyumba yake, wakadhani wakubwa wameisahau, au wameiondoa makusudi, wakamrudishia wenyewe. Kicheko kilikwisha. Msimamizi alianza kuziweka rundo la pembeni, na rundo lile likapanda kuliko la kura za baba zilizokuwa na vema.

Akafungua kitabu chake cha maelekezo. Alikuwa mtu wa haki, sina neno naye. Alisema alama inayotakiwa ni vema, na kwamba michoro mingi inayofanana namna hii inaonekana ni watu wamepatana ishara, jambo ambalo ni baya zaidi. Wakala wa chama tawala akauliza ni nani aliyewafundisha. Wote wakanitazama, labda kwa sababu mimi tu ndiye niliyekuwa wa mgombea yule, labda kwa sababu nyingine.

"Wakala," msimamizi aliniuliza, "una pingamizi?"

Ningeweza kusema. Ningeweza kuwaeleza habari za Bwana Nyumba, ambazo kila mtu mle ndani alizijua, na pengine wangebishana, na pengine ingeandikwa kwenye fomu kwamba kura zile zilikuwa zake hata kama hazihesabiki. Lakini ingebidi niseme pia nani aliyewaambia wazee wale kwamba hakuna kilichobadilika.

"Sina," nilisema, nikatia saini. Nilikuwa nawaza jinsi nitakavyopata usafiri.

Baba alishindwa jimbo zima, na kwa mbali. Nyumba zile hata zingehesabiwa zote zisingemrudisha Bungeni, hilo niliweke wazi. Siku kadhaa baadaye alipata nakala za matokeo ya vituo, akazipanga mezani, akaenda moja kwa moja kwenye kituo cha kijijini kwake. Mimi nilikuwa kwenye cherehani, hatua tatu kutoka kwake. Nilimwona kidole chake kikipita kwenye kura zake, chache, kikashuka kwenye mstari wa kura zilizoharibika, kikakaa hapo.

"Wameona bora waziharibu," alisema, "kuliko kunipa mimi."

Nilikuwa natia uzi kwenye sindano. Uliingia mara ya kwanza tu. "Watu hubadilika, baba," nikamjibu.

Alikunja karatasi zile, akaziweka kabatini, akatoka kwenda kukaa nje. Hakurudi tena kijijini. Wiki hazikupita nyingi wakaja akina bibi watatu wamepanda lori la mpunga, wamembebea mchele kumpa pole ya kushindwa. Aliwaona dirishani, akaingia chumbani. Alimtuma mama aseme hayupo, na mchele urudi nao. Walikuja tena baada ya mavuno yaliyofuata, na yaliyofuata hayo. Mchele ukarudi. Mama aliona aibu mpaka akaacha kufungua mlango, nikawa nafungua mimi. Walinitazama usoni wakisubiri niseme kitu, na mimi niliwaagiza wasalimie nyumbani.

Anayesikia haya atadhani nilikuwa na majuto makubwa miaka ile. Sikuwa nayo. Nilishona, niliolewa, nilijifungua. Ilikuwa kama ganzi ya mguu uliokaliwa vibaya: unaujua upo, unautazama, huuhisi. Kila Jumapili nilijiambia leo nitamwambia, na kila Jumapili alikuwa amekaa pale pale nje, na nilimpa chai, nikaondoka.

Alipougua, karibu na mwisho wa miaka ile ya tisini, mama alimuuliza kuhusu mahali pake kando ya kaburi la mama yake. Alisema asipelekwe. Alisema azikwe mjini, kwa wageni, maana wageni hawajamfanyia kitu. Nilikuwa nimeshika beseni. Nilisikia kila neno.

Tulimzika Mpanda. Siku ya tatu ya matanga akaja yule bibi, jirani wa nyanya, amezeeka mpaka akawa mdogo kama mtoto wa darasa la pili. Alikuwa amekatisha mbuga juu ya gunia kwenye lori. Akakaa mkekani karibu nami, akashika mkono wangu.

"Mjukuu wangu," alisema, "mimi shule sijui. Lakini ile siku nilimchorea nyumba vizuri, na mlango nikaweka, ili wasije wakasema si yake. Wote tulichora. Basi tulimkosea nini?"

"Hamkumkosea kitu, bibi."

"Basi mbona nyie mmemlaza huku?"

Mama yangu alikuwa ananitazama. Nikasema alikuwa mgonjwa sana, na safari ni ndefu, na barabara mbaya. Bibi aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayekubali ili asimtie mwenzake aibu. Kisha akafungua khanga yake, akanikabidhi mchele.

Niliupokea. Niliupeleka jikoni, nikauosha, nikaupika siku hiyo hiyo, na watu waliokuja kumlilia baba wakaula wote, nami nikala.