Irregular verbs zilivyotuziba masikio Goma

Wakuu, kwema huko? Haya yalinipata mimi mwenyewe. Anayetafuta chai, hadithi za kutunga, aende uzi mwingine.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, mtaa wa Ndosho, hapa Goma. Prof wetu wa Kiingereza, muzee mmoja wa Butembo, dawa yake ya grammar ilikuwa moja tu: darasa zima lisimame, liimbe irregular verbs kwa sauti. Go, went, gone. Ukinong'ona, unaanza upya peke yako mbele ya wenzako.

Vita ilipokaribia, akaongeza dozi. Mabomu yakilia mbali, tunapaza sauti zaidi ili woga upungue. Kusema kweli ulipungua. Na vocabulary ilipanda, simnyimi haki yake.

Mama yangu lakini alishapanga. Nikisikia mabomu karibu, nisirudi nyumbani, nikimbilie Kituku, bandarini kule ziwani, tupande boti ya Bukavu. Tulishakimbia mara moja, tukitoka Masisi, na papa yangu akabaki nyuma. Mpaka leo hatujui aliko.

Siku yenyewe tuko kwenye verbs, madirisha tumefunga sababu ya vumbi. Tunaimba mpaka mishipa ya shingo inatoka.

Prof aliponyamaza afute ubao, ndipo tukasikia. Karibu kabisa, bati zinatikisika.

Kutoka nje, uwanja mutupu. Madarasa mengine yalishakimbia zamani. Mlinzi wa geti akasema alitusikia, akadhani tunasali.

Nilikimbia, wakuu. Kila moto, pikipiki hizi za abiria, imebeba watu na magodoro, hakuna wa kusimama. Njia nzima nawaza jambo moja: mama ana wadogo zangu wawili, hawezi kuningoja. Namwombea aende, halafu namwombea asiende.

Nafika Kituku, boti iko mbali ziwani, imekuwa kadogo. Nikakaa chini kwenye mawe, nikalia kama mutoto.

Mara mkono begani. Mama. Kikwembe kimelowa mpaka kiunoni. Alishapanda, na boti ilipoanza kuondoka akashuka majini.

Nikangoja anigombeze. Akasema tu, "Wadogo wako na tantine. Weye ulikuwa na nani?"

Tantine ni mdogo wake mama, ndiye aliyebaki nao kwenye boti. Baadaye tulipata boti ingine, tukakutana wote Bukavu.

Leo mimi ndiye prof wa Kiingereza, Goma hii hii. Verbs bado tunaimba, maana dawa inafanya kazi. Ila kila kipindi mwanafunzi mmoja anakaa mlangoni, haimbi, anasikiliza nje. Wanapokezana. Inspekta mmoja alinikalia kooni, eti namnyima mutoto somo. Nilimwacha aseme mpaka akachoka, na mlango sikuufunga.

Nilichojifunza: watu wakiogopa, watulize, lakini usiwazibe masikio. Ule woga wetu ndio ungenifikisha kwa mama mapema.

Walimu mulio kwenye vita, nyinyi munafanyaje? Semeni hapa chini. Hata wa kunibishia karibu, ila asiniambie nifunge mlango.