Plagi ya Tatu

Mtu akija stoo kuniomba plagi ya tatu ya mashine ya nyasi ndani ya miezi miwili, lazima tuulizane. Mimi ndiye mtunza stoo wa shule hii, na mkono wangu si mwepesi kutoa vitu. Lakini aliyeomba alikuwa Mara Moja, aliyetukatia nyasi kwa miaka ishirini na miwili, mtu ambaye sijawahi kumkamata na uongo. Nikampa, huku nimenuna.

Jina hilo tulimpa sisi wenyewe. Kila asubuhi alikanyaga ukingo wa mashine yake, akavuta kamba mara moja tu, nayo ikanguruma. Wapishi walikuwa wakitoka jikoni na vikombe vyao kumtazama. Yeye alijifanya hawaoni, ingawa kofia alikuwa ameiweka upande kwa ajili yao.

Sasa asubuhi zake zilikuwa mateso. Alivuta mara kumi, mara kumi na tano, mashine inakohoa na kunyamaza. Alibadilisha petroli. Alikung'uta chujio la hewa, akasugua kabureta kwa mswaki mkuukuu. Kila akifungua plagi aliikuta imelowa petroli, anaifuta, anairudisha, anaanza upya. Siku nyingine haikuwaka kabisa, na ikishawaka, hakuizima tena mpaka jioni. Saa ya chai alipita nayo mbele ya benchi letu ikinguruma juu ya changarawe tupu, wala hageuzi shingo. Roho iliniuma. Nikawaambia wapishi kwamba mzee ameota mapembe, na tena anachezea petroli yangu.

Mkuu wa shule naye alichoka. Jumatatu alitangaza mbele yetu kwamba nyasi za uwanjani zisipoisha kufikia Ijumaa, ataleta kampuni ya kukata nyasi, na Mara Moja akapumzike nyumbani. Mara Moja aliitikia "sawa" akitazama viatu vyake.

Siku iliyofuata nikamwita fundi wa pikipiki wa ng'ambo ya barabara. Alifungua plagi, akaigusisha kwenye chuma cha injini, akavuta kamba. Cheche ikaruka, ya bluu. Akaifuta plagi, akaifunga, akavuta tena, na mashine ikawaka pale pale.

"Mama Stoo, hii nzima kabisa," alisema akiizima. "Mzee, kwani unaivutaje?"

"Kama siku zote," Mara Moja alijibu haraka.

"Maana ukiivuta polepole, cheche inakuwa hafifu na petroli inajaa. Hii inataka mkono tu."

Fundi akaaga. Mara Moja akaenda bombani kunawa, nami nikabaki pale na mashine. Nilimwona akiushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, akaunyanyua kama mtu anayebeba kitu cha mwenzake, akauweka chini ya maji.

Sijui nilitaka kuhakikisha nini. Niliinama na magoti yangu haya mabovu, nikavuta kamba ambayo sikuwahi kuigusa maishani. Ikawaka.

Alikuja mbio, mikono ikidondosha maji, akashika mpini. "Usiizime, dada."

"Mkono huo tangu lini, kaka?"

"Tangu plagi ya kwanza."

"Wifi yangu anajua?"

"Anajua nimelalia mkono vibaya."

"Na hospitali je?"

"Wataniandikia nipumzike." Alitazama uwanja, nyasi zikiwa zimefika magotini. "Sasa nikishapumzika, dada, naamka asubuhi nakwenda wapi?"

Aliisukuma mashine kwa mkono wa kushoto na kifua, akaondoka nayo.

Saa ya chai alipita mbele ya benchi kama kawaida, kelele tupu, macho mbele. Hapo ndipo nilipoelewa kiburi chake kilikuwa nini. Alikuwa hawezi kuja kukaa nasi, kwa sababu akiizima hataweza kuiwasha tena, na wote tungeona. Miezi miwili alizunguka na kiu yake, mimi nimekaa hapa namsema. Niliona haya.

Nikasimama, nikamfuata, nikabonyeza swichi ya kuzimia. Alinitazama kama nimemvua shati mbele za watu.

"Kaa unywe chai," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Nitaiwasha mimi. Na kesho asubuhi tunakwenda hospitali, mimi na wewe na wifi."

Mpishi mkuu alikwishainua shingo. "Vipi, imekufa tena?"

"Imekufa," nikasema, mimi nisiyevumilia uongo stoo kwangu. "Ina matatizo hii mashine. Mpeni chai."

Walisogea. Mara Moja akakaa mwisho wa benchi, akapokea kikombe kwa mkono wa kushoto, na chai kidogo ikammwagikia gotini. Hakuipangusa. Alikunywa yote bila kuinua uso, kisha akanyoosha kikombe aongezewe.